Mafungu Sitini na Manne

Jumatano, 2 Aprili

Nimenunua daftari hili kwa sababu daftari la kampuni lina safu za tarehe, shimo, kina na rangi ya mchanga, lakini halina safu ya maoni. Mimi ninayo maoni.

Kazi yenyewe naieleza mara moja ili nisiirudie. Kampuni inayochimba mchanga wa madini kule kilimani inakaribia kuumaliza. Inataka kujua kama ule mchanga mweusi mzito unaendelea chini ya kijiji chetu cha Mkunguni, upande huu wa mto Ramisi. Yatatobolewa mashimo sitini na manne, kila moja mita sita, na katika kila shimo utachukuliwa mchanga wa kupimwa. Ukiwapo wa kutosha, machimbo yataishi miaka kumi zaidi, na sisi tutalipwa na kuhamishwa. Usipokuwapo, yatafungwa mwisho wa mwaka, na mwanangu Kheri, fundi wa pampu, atarudi nyumbani pamoja na wenzake mia tatu.

Wazee wamenichagua niwe shahidi wa kijiji. Naandika kila mfuko, nautunza, na mwisho natia sahihi kwamba mchanga wa shimo la tano ni wa shimo la tano. Bila sahihi hiyo wakaguzi hawayapokei makadirio ya madini. Jirani yangu Katana alisema nafaa kwa sababu nilifundisha miaka thelathini na minane bila kumwongezea mtoto alama hata moja. "Hata mwanao ulimfelisha, Mwalimu." Ni kweli. Kheri alipata thelathini na tisa. Iliyotakiwa ilikuwa arubaini.

Alhamisi, 3 Aprili

Mjiolojia wa kampuni amefika. Anaitwa Roselyne, ni mtu wa bara, hajafika miaka thelathini. Alishuka garini akaniambia, "Sasa, Mwalimu!" kama anayemwita utingo. Nilimtazama mpaka akatafuta salamu nyingine. Akaipata.

Amenipa karatasi ya kanuni. Mchanga wa kila shimo ukorogwe sawasawa, zichukuliwe kilo nne, zigawanywe nusu kwa nusu. Nusu moja ikaushwe, iende maabara. Nusu nyingine ifungwe na kuwekwa akiba. Unaobaki unarudishwa shimoni.

Nilimwambia nimeelewa. Akarudia tena, kama kwamba mimi ni mtoto wa darasa la pili.

Jumamosi, 5 Aprili

Mashimo matatu. Mashine iliharibika saa nne.

Jumatano, 9 Aprili

Mashimo sita. Roselyne hana adabu ya kukaa. Anaketi mchangani, anakula muhogo wa mke wangu Mwanasha kwa mikono yenye matope, na anacheka na vibarua. Vitabu vyake vimejaa michirizi. Namba yake ya saba ni kama moja.

Leo, lakini, alinionyesha jambo. Alitia konzi ya mchanga ndani ya karai, akamimina maji, akaanza kulitikisa kwa kulizungusha. Mchanga mweupe ukatoka na maji. Chini ukabaki ukingo mwembamba mweusi, unang'aa kama wanja.

"Huo ndio wanaoutaka?"

"Huo. Hapa ni kidogo sana. Shimo hili halilipi."

Kisha akanieleza jinsi fani yao inavyoyapanga makadirio. Ya chini kabisa ni yaliyodhaniwa. Juu yake ni yaliyodokezwa. Ya juu ni yaliyopimwa, na hayo pekee ndiyo mtu anaweza kukopea fedha. Huruhusiwi kuiita dhana kipimo, hata ukiwa na hakika moyoni. Nilipendezwa. Sisi nasi tulifundishwa chuoni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Sikumwambia kwamba nimependezwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua nyepesi alfajiri. Tanuri la kukaushia mchanga limeungua. Tumeomba uwanja wa saruji wa kukaushia mbata za nazi, ulio nyuma ya madrasa. Kila shimo lina fungu lake juu ya kipande cha gunia, na kadi yangu chini ya jiwe. Kadi nimeziandika kwa wino.

Jumatano, 23 Aprili

Shimo la sitini na nne limekwisha. Mashine imepelekwa Taita. Watu wanauliza matokeo kana kwamba ni ya mtihani wa taifa.

Alhamisi, 24 Aprili

Mifuko ya akiba ilikuwa katika chumba cha madrasa, nayo inavuja. Unyevu umefika kabati la misahafu. Hilo haliwezekani. Asubuhi nimeitoa mifuko yote na kila nusu nimeirudisha kwa mwenzake uwanjani. Sasa kila shimo lina fungu moja kamili, mistari minane ya mafungu manane, imenyooka. Roselyne amekwenda Ukunda kutafuta koili ya tanuri. Sikuona haja ya kumsumbua kwa simu.

Ijumaa, 25 Aprili

Naandika kwa hasira, basi mwandiko usihukumiwe.

Khatibu alikuwa katika hotuba ya pili mvua iliposhuka. Haikuanza kwa manyunyu. Ilishuka yote kwa pamoja. Nilibaki mahali pangu, maana hotuba haikatizwi. Nilijua turubai lipo, na mlinzi yupo. Kumbe mlinzi alikuwa safu ya nyuma yangu.

Wanawake walikuwapo. Hapa kwetu, mvua ikikuta mbata za mtu uwanjani, haulizwi ni za nani. Anayepita hutupa alichobeba akaokoa. Asiyeokoa, jina lake hutajwa harusini na matangani mpaka afe. Mwanasha alitoka jikoni, Bi Hanifa akaacha nazi kwenye mbuzi, Twaiba akamwacha mtoto bafuni na povu kichwani. Walikuja na ndoo, sinia, na kanga zao wenyewe. Kabla hatujatoa salamu ya mwisho ya swala, uwanja ulikuwa mtupu.

Niliwakuta barazani pa madrasa, wamelowa chapachapa, wanahema, wanachekelea. Mbele yao yamesimama magunia kumi na moja. Kadi zangu walikuwa wamezikusanya vizuri, wakazifunga kwa uzi wa ukili.

"Baba Kheri!" alisema Mwanasha. "Hata chembe haikulowa."

"Mmeyachanganya?"

"Yapi?"

"Mafungu! Mafungu sitini na manne, Mwanasha! Mmeyatia pamoja?"

"Sasa tungepata wapi magunia sitini na manne na mvua ile?"

Bi Hanifa akasema, "Mchanga na mchanga, Mwalimu. Si mchele na chuya." Mmoja akacheka. Nilipiga kelele. Sijawahi kuwapigia kelele watu wazima tangu nistaafu. Niliwaita wajinga. Twaiba alichukua ndoo yake akaondoka bila kuaga, na wengine wakamfuata. Mwanasha alibaki anakamua kanga, ananitazama.

Roselyne alifika saa tisa. Alichuchumaa kando ya magunia, akatia mkono katika moja, akautoa.

"Akiba ziko wapi, Mwalimu?"

"Nazo zilikuwa uwanjani."

"Zote?"

"Zote."

Alijipangusa mkono, akaenda mpaka jikoni kwangu, nikamsikia anamwambia Mwanasha, "Asante, mama. Mlikimbia kweli." Hilo lilinikasirisha kuliko mvua.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikula chakula cha nyumbani.

Jumatatu, 28 Aprili

Amekuja msimamizi wa mradi, Bwana Austine. Hakukasirika hata kidogo, na jambo hilo lilinitia wasiwasi.

"Mzee, mimi naona tuna bahati," alisema. "Mchanga wote upo. Tuukoroge, tuupime, halafu kila shimo tuliandikie wastani huo. Hesabu ni ile ile."

"Hesabu si ile ile," Roselyne akasema.

"Roselyne, mashine iko Taita na ripoti ni ya tarehe mbili Juni. Una shimo lingine mfukoni?"

Jumatano, 30 Aprili

Wastani umetoka: karibu sehemu nne katika mia. Inayolipa ni mbili na nusu. Kwa hiyo kijiji kizima kinalipa, kutoka barabarani mpaka makaburini.

Nimefungua daftari langu la rangi, lile la kampuni. Mashimo kumi na manne yalikuwa meusi, yote katika ukanda mmoja ulio nyuma ya kisima, usiozidi mashamba manne. Hamsini yalikuwa meupe. Ni kama darasa ambamo watoto kumi na wanne wamepata mia na hamsini hawajui kusoma, kisha mwalimu agawanye na kutangaza kwamba wote wamefaulu. Nami natakiwa nitie sahihi.

Ijumaa, 2 Mei

Wanakijiji walikuja baada ya Isha, Katana mbele. Nilidhani wamekuja kunitia moyo.

"Mwalimu, tia sahihi," Katana alisema. "Wastani ni haki. Kwa nini walipwe wanne wa nyuma ya kisima peke yao? Walimnunulia Mungu soda?"

"Madini yako kwao. Kwako hayako."

"Nani ameyaona? Mchanga wenyewe haujui ulitoka wapi. Wewe ndiwe unayejua, na wewe ni mtu mmoja."

"Mtahamishwa, Katana. Baba yako amezikwa pale. Watachimba wakute mchanga mweupe, wafunge, waondoke. Mtakuwa hamna shamba wala kazi."

"Baba alikuwa mtu wa safari. Hatajali."

Wakacheka. Walipoondoka, Mwanasha alisema kwa mara ya kwanza katika siku tatu, "Shamba letu nalo ni jeupe." Nikamjibu kwamba najua. "Nimesema tu," akasema.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Sijatia sahihi.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Karatasi imeletwa na dereva, imefungwa kwa plastiki. Sijatia sahihi.

Alhamisi, 8 Mei

Kheri alipita akitoka zamu ya usiku, bado amevaa buti. Alizungumza kwa upole, na upole wake ni mbaya zaidi.

"Baba, huu si mtihani wa darasa la nane."

"Naujua mtihani na naujua mchanga."

"Nina watoto watatu. Miaka kumi, Baba. Sikuombi uibe."

"Waniomba niseme nimeona nisichokiona."

"Kila mtu pale kazini anajua jina la baba yangu sasa," alisema. "Wananiita Thelathini na Tisa."

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Hakuna aliyekuja. Twaiba hunipita njiani kama anayepita nguzo.

Jumatano, 14 Mei

Leo nilikwenda ofisi ya machimbo kuwaambia kwa kinywa changu kwamba sitatia sahihi. Bwana Austine alikuwa kwenye simu. Karani akanipa faili nisome nikisubiri. Ndani mlikuwa na maelezo ya tukio, ukurasa mmoja. Yalisema kwamba nusu za akiba ziliharibiwa na mvua kwa uzembe wa mjiolojia, ambaye hakuzihifadhi kama kanuni inavyotaka. Chini palikuwa na sahihi ya Roselyne.

Nilimkuta nje, anasafisha kwa tambara kekee ya mkono, ile ya kutobolea mchanga bila mashine.

"Umeandika uongo," nilimwambia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kwa nini umeandika uongo?"

"Si uongo wote. Ilikuwa kazi yangu kuangalia chumba. Sikuangalia, kwa sababu ni wewe." Aliendelea kusugua. "Shahidi akionekana kuwa alivunja kanuni, wakaguzi watatupa kila kitu, hata daftari lako la rangi. Hilo ndilo pekee linaloonyesha ule ukanda. Mimi wakinifukuza, daftari litabaki."

"Utapata kazi nyingine?"

"Sijui."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kilomita sita, nikapitwa na pikipiki nyingi zilizojitolea kunibeba. Nimekaa nikasoma nilichoandika tarehe ishirini na nne Aprili. "Imenyooka," niliandika. Nilipewa nusu za akiba ili, mafungu yakiharibika, zisalimike. Hakuna kazi nyingine waliyokuwa nayo. Nami nilizitoa kwa mikono yangu nikazirudisha penye hatari, siku moja kabla ya mvua, kwa sababu nilipenda mistari.

Wale wanawake waliokoa walichokiona. Kama akiba zingekuwa chumbani, siku ile tungecheka sote.

Alhamisi, 15 Mei

"Mama Kheri, nimekosea."

Mwanasha aliacha kupepeta. "Rudia."

"Akiba nilizitoa mimi. Wewe na wenzako hamkukosea."

"Siku ishirini," alisema. "Siku ishirini umekula mkate wa duka na maji ya moto, umekonda kama fimbo, kumbe ulikuwa unajisusia mwenyewe." Kisha akasema, "Nenda kamwambie na Twaiba. Mimi si posta."

Nilikwenda. Twaiba alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha, na alikuwa na haki.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemwambia Roselyne tutoboe upya. Alisema mashine hakuna. Nikamwonyesha ile kekee ya mkono. Alisema haifiki mita sita katika mchanga uliolowa, labda nne. Nikamwambia mita nne za kweli zinanitosha.

Jumatatu, 19 Mei

Tumeanza katika shamba langu. Watu wawili wanazungusha mti wa kekee, wanaukweza, wanaukung'uta, wanaurudisha. Kuta za shimo zinaporomoka. Mashimo mawili kwa siku nzima, yote meupe. Mwanasha, Bi Hanifa na wengine wawili wanabeba mifuko. Twaiba hakuja.

Nusu za akiba ziko chini ya kitanda changu. Mwanasha asema sasa analala na kijiji kizima.

Jumatano, 21 Mei

Katana amefunga lango lake kwa mnyororo. Watu ishirini wamefuata mfano wake. "Shamba langu lina sehemu nne katika mia," aliniambia kutoka ndani. "Usije ukanipunguzia."

Jumamosi, 24 Mei

Mvua. Shimo moja. Kiuno kinauma.

Jumanne, 27 Mei

Nyuma ya kisima kekee ilitoka nyeusi kama masizi. Roselyne hakuhitaji karai. Alinipa konzi mkononi, nikastaajabu uzito wake. Twaiba alikuwapo. Alikuja bila kusema, akachukua mfuko, akauliza uandikwe nini.

Jumamosi, 31 Mei

Mashimo kumi na tisa. Hatuwezi zaidi. Manne ni meusi, na yote yapo pale ambapo daftari la rangi lilisema.

Jumatatu, 2 Juni

Wakaguzi wawili walikuja kutoka Nairobi, mwanamume na mwanamke, wakaketi katika ukumbi wa chifu. Kijiji chote kilikuwapo. Bwana Austine aliiweka karatasi yake mezani na kalamu juu yake.

Nilisimama nikasoma yangu. Niliandika kwamba tarehe 24 Aprili mimi, Abdulwahab Fondo, shahidi wa kijiji, niliziondoa nusu za akiba chumbani bila idhini na kinyume cha kanuni niliyopewa mara mbili. Mjiolojia hakujua, hakuzembea, na maelezo yaliyo na sahihi yake si sahihi. Wanawake waliokusanya mafungu walifanya jambo ambalo kila mtu mwema angefanya. Wastani wa magunia kumi na moja haunijulishi kilichoko chini ya shamba lolote, na siushuhudii. Nayashuhudia mashimo kumi na tisa, kwa mita nne, basi.

"Mwalimu amefeli!" Katana akapaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi ukacheka. Nilisubiri kicheko kiishe, nikatia sahihi.

Mkaguzi mwanamke aliniuliza kama nafahamu kwamba sitapewa tena kazi kama hii. Nilimwambia nafahamu. Roselyne alikuwa ameinamisha kichwa. Baadaye nje alinikemea. "Sikukuomba hivyo, Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya hasira kweli. Nikamwambia nami sikumwomba abebe kosa langu.

Jumatatu, 16 Juni

Ripoti imebandikwa. Ukanda wa nyuma ya kisima umeandikwa kuwa umedokezwa, na utapimwa kwa mashine kiangazi. Mahali pengine pote ni dhana. Kijiji hakihamishwi. Machimbo yataendelea mwaka mmoja na nusu kwa zamu moja badala ya tatu. Roselyne amebakizwa, na maelezo ya awali yametolewa kwenye faili lake.

Jumamosi, 21 Juni

Kheri alikuja saa nne asubuhi. Hakuwa na buti. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akakaa kwenye kizingiti, si kitini.

"Wamebakiza mafundi wanne wa pampu," alisema. "Mimi simo."

"Nimesikia."

"Watu wanasema nisikasirike. Wanasema, mzee wako amejishitaki mwenyewe mbele ya watu, unataka afanye nini tena? Wananipa pole kama nimefiwa." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Ungezitunza zile akiba, Baba, mngepima mashimo yote sitini na manne, kwa mita sita. Ukanda ungeandikwa umepimwa, wangekopa fedha, wangeweka zamu mbili. Mimi ningekuwamo. Si kweli?"

Nilifikiri. "Ni kweli."

"Basi nimekasirika. Umesema kweli, nami nimekasirika. Yote mawili."

Mwanasha alileta chai. Kheri aliinywa, akarudisha kikombe, akamuaga mama yake kwanza, kisha mimi. Nilimtazama akipita ukingo wa shamba mpaka akafika barabarani.

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, nikayapitia mara mbili. Sikupata pa kumsahihisha.